Supu ya Bangkok na shamba ya Musienene

Siku ya dimanche ilipita, kisha ya kanisa, hapa kwangu Vulamba, batoto bangu babili balikuja kupatana. Mukubwa alikimbia vita ya Beni, anaomba alime kipande ya shamba yetu ya Musienene. Mudogo, ule wa commerce, anauzishaka nguo, anamukatalia. Kwetu bandugu bakigombana, bananawa mikono, banakula bukari, ule ugali yetu, mu sahani moja, na maneno inaisha. Mudogo akakubali, lakini akasema yeye njo atapika.

Akapika supu ya kule Bangkok anaendaka kurangua nguo, banaitaka tom yam. Akatia ndimu, pilipili, citronnelle ile majani ya kunukia, samaki na maziwa ya nazi. Ilikuwa chachu, ikachoma, kisha ikalainika mu kinywa. Akagawa: kila mutu bakuli yake, muchele yake, kijiko yake.

Mukubwa alikuwa ameshanawa. Mikono ilikuwa ingali na maji.

"Sahani moja iko wapi?"

"Yaya," mudogo akamuita mukubwa wake, "supu hapana ya kula na mikono. Kule banakulaka hivi."

"Hapana kule niliomba shamba."

Akajipanguza mikono ku suruali, akasimama.

"Mama, narudia Beni. Nitalima yangu."

"Kule banaua batu mu mashamba," nikamuambia.

"Najua, mama."

Akatoka. Nikamuambia mudogo amukimbilie. Akajibu supu itapoa.

Tangu siku ile bajirani banakuja kunituliza, banasema mudogo alikosea tu, safari zimemusahaulisha desturi.

Mimi njo nilimuzaa. Alijua.