Mashine Iliyouawa na Ugali

Kama kuna mtu pale mjini Blaine, huku ughaibuni, ambaye hajasikia kwamba Harrison ni fundi wa kuzaliwa, basi mtu huyo hajawahi kualikwa chai nyumbani kwake. Ufundi wenyewe ni rafu moja ya gereji iliyokaa upande, na kisagio alichokifunga jikoni, ile mashine ndogo ya chini ya sinki inayosaga mabaki ya chakula. Kwa kazi hizo mbili alijivika cheo ambacho hakuna aliyempa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Aliyeishi na ufundi huo ni mkewe, Philister. Mara tu kisagio kilipofungwa, mashine ya kuoshea vyombo iliyo kando yake ilikataa kutoa maji. Ilinguruma, ikamaliza, sahani zikabaki zimesimama katika maji ya kijivu. Harrison aliinama, akatazama kidogo tu, akatoa hukumu: "Ni ugali yako, Mama Brandon. Ukoko umeblock. Hizi dishwasher ni za wazungu, watu wa salad. Sufuria ya ugali isiingie humu tena."

Basi mashine ikageuzwa kabati la sufuria, na kwa kuwa nyumba nyingi za Wakenya huko zina kabati kama hilo, hakuna aliyeuliza. Miaka mitatu Harrison aliwasimulia wageni jinsi mkewe alivyoiua mashine kwa ugali. Wageni walicheka, na Philister akacheka nao, huku moyoni amefura kwa hasira.

Mikono yake haikuwa na la kucheka. Anahudumia wagonjwa katika hospitali moja ya mji jirani wa Coon Rapids, anajipaka mikononi dawa ya kuua vijidudu chumba hadi chumba, kisha anarudi kwenye sinki iliyojaa. Baridi ya mwaka huu ilipoanza, vidole vilipasuka vikatoka damu. Daktari alimwambia waziwazi aache maji ya sabuni nyumbani, na kwamba vidonda visipopona hataruhusiwa tena kugusa wagonjwa. Harrison alipoelezwa alijibu kwamba mama yake aliosha vyombo mtoni maisha yake yote. Yeye mwenyewe hajawahi kuosha hata kikombe.

Jumamosi ilikuwa zamu yao kukaribisha nyumbani kundi la ushirika wa kanisa. Philister alitoa sufuria zote kwenye mashine, akasugua chujio likatakata, akapanga vikombe vya chai na kuiwasha. Maji yakasimama vilevile.

"Si nilisema!" Harrison alishangilia kama aliyefunga bao. Wanaume wa ushirika, waliokwisha kufika, wakajaa jikoni. Muriuki, mwenzake wa kwaya, akasema mota imekufa. Harrison akamulika ndani kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari bingwa. "Ugali," akasema.

"Chujio ni safi," Philister alisema. "Maji yakitoka hapa yanaenda wapi?"

"Yanapitia kwa disposal," Muriuki akajibu, akionyesha kisagio.

"Hiyo haina shida," Harrison akadakia. "Nilifunga mwenyewe."

Ni neno hilo lililomtia Philister shaka. Alizima umeme wa kisagio, akavaa glavu, akapiga magoti, akalegeza mpira unaoleta maji kutoka kwenye mashine. Maji machafu yakamwagikia beseni. Akaingiza kidole pale mpira ulipokuwa umechomekwa, kikagota. Tundu lilikuwa bado na kizibo cha plastiki, kile ambacho kisagio kipya hutoka nacho kiwandani. Fundi hukigonga kikatoka kabla ya kuunga mpira. Fundi wa kweli, yaani.

"Leteni bisibisi na nyundo."

Kizibo kiliangukia ndani ya kisagio, naye akakitoa kwa koleo. Hakikuwa na chembe ya ugali. Mpira uliporudishwa na mashine kuwashwa, maji yaliondoka yote. Harrison akacheka peke yake. "Kumbe ni kitu kidogo tu! Tunashukuru Mungu, tumeitengeneza."

Tumeitengeneza! Philister alimeza hasira hadi watu walipomaliza kula na Harrison, mwenye nyumba, akasimama kutoa neno la shukrani. Hapo Philister akavua glavu safi alizovaa kupakulia chakula, akaweka kizibo kwenye sahani tupu mbele ya mumewe, na mikono yake yenye nyufa kando ya sahani.

"Baba Brandon, wageni wote uliwaambia ni ugali yangu. Hata leo waambie."

Jeptoo, mwenyekiti wa kina mama, akaweka kikombe chini. Harrison alikitazama kizibo, akaitazama mikono, akasema kampuni haikuandika maagizo vizuri. Hakuna aliyecheka.

"Sawa," Philister akasema. "Vikombe na sahani vitaenda kwa dishwasher. Lakini sufuria ya ugali wewe mwenyewe ulikataza isiingie. Iko kwa sinki, inakungoja."

Na fundi wa kuzaliwa, mbele ya ushirika mzima, akakunja mikono ya shati.