Ua la Mama Kwenye Mchikichi

Mawese yakichemka, harufu yake huingia mpaka kwenye nywele, na mtu akipita kwetu Ujiji siku hizo hana haja ya kuuliza kama watu wamevuna. Mimi nikiinusa tu narudi uani kwetu, kwenye mchikichi mmoja uliosimama peke yake kati ya jiko na choo. Makuti yake yalikuwa yamekatwa miaka na miaka, vigutu vikabaki kwenye shina kama ngazi, na kila kigutu kilijaa nyuzi na majani meusi yaliyooza. Hapo, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, mama yangu alikuwa amefunga kwa kipande cha kanga ua alilopewa na mama mmoja wa Kihindi ambaye yeye alikuwa akimshonea nguo Kigoma mjini. Sasa hivi najua kwamba ni okidi, aina ya dendrobi. Wakati ule lilikuwa ua la mama, basi. Halikuwa na udongo hata chembe. Mizizi yake myeupe ilikuwa imeushika mti kama mtoto anavyoshika nguo ya mamaye sokoni.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Kipindupindu kilikuwa kimetulaza mama na mimi wodi moja, nikarudi mimi. Baba alikuwa ameshatangulia. Nyumba ikaingiwa na baba mdogo Ramadhani, na jina lake nalitaja kwa kuwa yu hai na anajijua. Alikuja kutulea, ndivyo alivyowaambia watu. Kitanda cha mama akakiuza, cherehani akaiuza, na nilipofika darasa la nne akasema inatosha, kusoma sana kunamharibu mtoto wa kike. Mpaka leo naandika kwa shida kwa sababu yake. Picha ya mama haikuwepo. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea, nami sikuthubutu kumwambia mtu. Kilichobaki chake ni vile vijiti vinene vya kijani juu ya mchikichi. Alikuwa akiniambia vikichanua utadhani vipepeo wamekuja kulala. Nilikuwa mdogo mno vilipochanua, sikumbuki, na tangu afariki havikuchanua tena. Nilikuwa nataka kuona kile alichokiona yeye. Sikuwa na haja nyingine duniani.

Aliyenipenda ni shangazi Mwamvua, dada mkubwa wa baba na Ramadhani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Yeye ua la wifi yake alilihudumia kama mgonjwa. Asubuhi maji, jioni maji, masika na kiangazi. Kuna siku aliona jani moja limepauka, akalipaka mawese, akasema ngozi ikikauka dawa yake ni mafuta. Sisimizi wote wa Ujiji wakapanda kuja kula, tukashinda kutwa tunawapangusa kwa kitambaa tukicheka mpaka machozi. Ua lenyewe likanenepa, likawa kijani kibichi, na badala ya kuchanua likaota vitoto pembeni ya vijiti, vyenye mizizi yao kabisa. "Linazaa bila harusi," akasema shangazi. Akazidisha maji.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuja na upepo wa ziwani unaorusha mchanga mpaka kwenye ugali, na vilima vya upande wa Simbo vilifuka moshi wa watu wanaochoma mashamba. Bomba likawa linatoa maji kwa kubahatisha. Baba mdogo akanunua pipa, akalitia mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko akatia kufuli. Nakwambia kufuli, kama la duka. Ufunguo ulining'inia kiunoni mwake. Shangazi akaomba kikombe kimoja tu kwa ajili ya ua.

"Dada, hivyo ni vijiti," akasema Ramadhani. "Leo unanywesha vijiti, kesho utanywesha nguzo ya umeme."

"Nguzo haikuachwa na marehemu."

"Basi marehemu aje alilipie."

Shangazi akamtazama, akajifunga kanga upya, akaingia ndani. Mimi nilijaribu kuiba maji yaliyobaki kwenye birika la udhu. Baba mdogo akanikuta nimepanda juu ya kinu, akanizaba kofi ambalo sikio langu la kushoto bado linalo. Hapo ua likakaa na kiu yake. Majani yakawa manjano, yakaanza kudondoka moja moja, na kila asubuhi nilikuwa nayaokota kabla kuku hawajayaparua. Mwisho vikabaki vijiti vitupu, vyenye makunyanzi kama vidole vya mzee. Usiku wa miezi ile kuna baridi, na mimi nikilala naliombea ua badala ya kujiombea mimi. Ramadhani akatangaza kwamba kabla ya mvua ataukata mchikichi ajenge banda la kukodisha. Mtu wa shoka akaitwa, akaja kuupima mti kwa macho, akanywa uji wetu.

Halafu asubuhi moja nikaona vivimbe kwenye vile vijiti, vidogo kama punje za mtama. Nikajua ni vile vitoto tena. Shangazi akasogeza macho, akasema, "Hivi havina mizizi." Vikakua, vikapata ncha ya zambarau, na siku ile mtu wa shoka aliporudi, vilikuwa vimefunguka kuanzia chini mpaka juu. Jani hata moja hakuna, ni maua matupu, meupe yenye kingo za zambarau na jicho jeusi jeusi katikati, na harufu kama asali iliyochanganywa na kitu ambacho sijakipatia jina. Shangazi akapiga kigelegele. Wanawake wakatoka majumbani na masufuria mikononi, uani pakajaa, na mama mmoja jirani akanishika kidevu akaniambia, "Mama yako alikuwa akisimama hapo hapo ulipo, amejishika kiuno hivyo hivyo." Nikaiona sura yake. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nikaiona yote, mpaka pengo la jino.

Mtu wa shoka akauliza, "Nikate?" Wanawake wakamgeukia Ramadhani wote kwa pamoja. Yeye akajikohoza, akaweka mkono kwenye mti, akasema, "Nani akate? Ua hili nimelilea mimi." Tulicheka wiki nzima. Mchikichi ukapona kwa sababu mwanamume yule alipenda kusifiwa. Baadaye shangazi alininong'oneza jikoni, "Alidhani anatukomoa. Kumbe ua hili kiangazi linataka kuachwa na njaa yake." Toka hapo, mvua zikiisha, tulikuwa tunapita chini ya mti na ndoo zetu bila kuangalia juu.

Leo naishi Mwandiga na barazani nina dendrobi nyingi, zote uzao wa lile. Vijana wanakuja kuzipiga picha, wananieleza mambo ya mbolea waliyoyaona kwenye simu. Mimi mvua zikikatika natundika ndoo, nasubiri baridi ya usiku. Maisha yangu sasa yana maji ya kutosha na mlango ninaoufunga mwenyewe, ila uani hakuna wanawake wa kutoka na masufuria. Kila mtu ana ukuta wake. Shangazi hayupo. Baba mdogo Ramadhani yupo, amezeeka, amekuwa mpole, na aliniomba kitoto cha ua nikampa. Mwezi uliopita alinijia na mkongojo wake. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Langu halichanui," akasema, na machozi yalikuwa yamemlenga kweli. "Na kiangazi hiki chote nalimwagilia, asubuhi na jioni. Kwani nakosea wapi?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamsogezea kiti, nikamuuliza chai yake siku hizi anakunywa na sukari kiasi gani.