Posa Iliyotolewa Dirishani

Jamani, mimi nina aibu yangu moja ambayo hata nikiizika wapo watu wa kuifukua, maana kila harusi ya ukoo wetu lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Shabani, vipi, leo milango inafunguka?" na wote wanaangua kicheko, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye kutia chumvi (ingawa kwa kweli hii haihitaji chumvi, imekolea yenyewe).

Kazi yangu ni kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha ya chuma hapa hapa Bagamoyo mjini, na wakati huo nilikuwa na gari langu la kwanza, stesheni wagoni kuukuu niliyouziwa na mtu ambaye muda wote wa biashara alikuwa anatazama pembeni. Injini ilikuwa nzima, viti vizima, ila sehemu ya nyuma ililegea. Ukikata kona, mbele kunatangulia na nyuma kunafuata kwa wakati wake, na ukipanda tuta bodi lote linalia kwichi kwichi kama kitanda cha bweni. Vijana wa kijiweni wakaliita Kiuno, nami nikawa Shabani wa Kiuno, jina ambalo halimpendezi mwanamume anayetaka kuoa.

Na kuoa nilikuwa nataka kweli. Zaina wangu ni wa Miono, tulijuana alipokuwa anakaa kwa dada yake huku Bagamoyo, na kwao walikuwa wameshakubali kupokea wageni. Wa kupeleka posa ni shangazi yangu Mwanaidi, dada wa marehemu baba, mwanamke wa mwili na wa maneno, pamoja na mama mdogo Rukia na mjomba Salehe. Mimi kwa desturi sikutakiwa hata kuonekana, muoaji hajipelekei posa mwenyewe, lakini gari ni langu, na hapakuwa na mwingine wa kuliendesha (mjomba aliwahi kulijaribu, akaishia mtaroni na kuku wa watu). Basi tukakubaliana niende kama dereva wa kukodi, nivae kofia ya kapelo, nisishuke garini, nisitie neno. "Wewe ni bubu mpaka turudi," shangazi akaniambia. Nikaitikia.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, ndipo nilipojitafutia balaa. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa nchi za mbali wakikaza nyuma ya magari yao kwa mabomba ya chuma, wanayafunga huku na huku ndani ya buti, gari linakuwa gumu kama jiwe. Nikasema, hii si ni kazi yangu kabisa? Nyuma ya karakana nilikuwa na kitanda kibovu cha chuma, double deka, nikakikata mabomba, nikapima kwa macho (fundi mzuri hupima kwa macho, ndivyo nilivyokuwa nikiamini), nikapanga bomba moja litoke ubavu wa kushoto hadi wa kulia, na mengine mawili yapishane kama eksi nyuma ya kiti cha abiria.

Sasa sikilizeni hapa. Tairi la nyuma upande wa kushoto lilikuwa kwa fundi pancha, kwa hiyo gari lilikuwa juu ya jeki upande huo mmoja, limenyanyua mguu kama mbwa kwenye nguzo, na mtu mwenye akili angengoja tairi lirudi, gari lisimame sawasawa, ndipo achomelee. Mimi nikaona nitachelewa. Nikavaa miwani yangu nikachomelea hivyo hivyo, cheche zinaruka, najiona mwanasayansi.

Tairi liliporudi nikashusha jeki, na milango miwili ya nyuma ikawa migumu, inataka bega ndipo ifunge. Mnadhani nilishtuka? Nilifurahi! Nikamwita mama mdogo Rukia nimwonyeshe. "Sikia huo mlango, mama mdogo! Huo ni mlango wa gari jipya." Akasema mashaallah.

Jumamosi tukaondoka, mjomba mbele pembeni yangu, shangazi na mama mdogo nyuma na sinia lao la halua lililofunikwa kitambaa, wamenukia udi mpaka macho yananiwasha, na kule nyuma nilikuwa nimeifunga milango kwa bega langu mwenyewe. Kwenye lami mpaka Msata gari lilikwenda kama linateleza, halitikisiki, halilii, na shangazi akasema, "Leo gari hili lina adabu." Kichwa kikanivimba. Halafu tukaacha barabara kuu, tukaingia kwenye vumbi na mashimo ya kuelekea Miono, na katika shimo moja baya nikasikia nyuma, taka! Nikadhani ni jiwe. Nikaongeza mwendo.

Tulipokelewa kifalme. Wanawake wa kwao Zaina walikuwa wamejipanga mlangoni na kanga zao sare, vigelegele vimepaa, baba mtu, Mzee Mrisho, amesimama barazani na kanzu nyeupe, na majirani wamejaa kama kawaida ya majirani. Mjomba akashuka mbele, akatoa salamu. Mama mmoja wa pale, ndugu yake mama Zaina, akaja mbio kwa furaha kumfungulia mgeni mlango wa nyuma, akavuta. Haukufunguka. Akavuta tena kwa bashasha zaidi, kitasa kikabaki mkononi mwake.

Vigelegele vikapungua kimoja kimoja.

"Jaribuni huku," mjomba akasema, wakazunguka upande wa pili, wapi. Ndani shangazi anasukuma, nje watu watatu wanavuta, gari linayumba, mlango umeng'ang'ania. Wakaenda kufungua mlango wa buti, ule ukafunguka vizuri tu, lakini nyuma ya kiti pale vyuma vyangu vimepishana hata mbuzi asingepenya. Kijana mmoja akachungulia akauliza, "Kwani hawa walikuwa wanawasafirisha mahabusu?" Mimi nimeshika usukani, kapelo nimeivuta mpaka puani, bubu.

Mama mdogo Rukia ni mwembamba, akaamua kupenya katikati ya viti vya mbele. Akapita kichwa, akapita mabega, kanga ikanasa kwenye hendibreki, akatokea mlango wa mjomba kwa mikono kama mtoto anayejifunza kutambaa, kiatu kimoja kimebaki ndani. Akasimama, akajipangusa, akasema "Asalaam aleikum" kana kwamba ndivyo watu wa Bagamoyo wanavyoshuka garini.

Shangazi akakataa katakata. "Mimi nimekuja kuposa," akasema, "sikuja kuzaliwa upya."

Na ndipo, kwa jasho na hofu, akili ikanijia. Lile bodi nililichomelea upande wa kushoto ukiwa juu, kwa hiyo limejifunga likiwa limepinda, na lile shimo la njiani likaibana milango kabisa, na upande huo ukinyanyuliwa tena, milango itaachia. Jeki ninayo, ila ipo chini ya sakafu ya buti, na mfuniko wake haunyanyuki kwa sababu bomba langu limeukalia. (Ndiyo. Nilikuwa nimeifungia jeki yangu mwenyewe.) Nikajizuia, nikajizuia, lakini wale vijana walishaanza kuulizana nani ana mtaimbo, nikafungua mdomo.

"Nyanyueni kona hii ya nyuma, ya kushoto! Nilichomelea ikiwa juu!"

Mzee Mrisho akashuka barazani taratibu, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Wewe si dereva?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye fundi uliyechomelea?"

"Ndiyo, baba."

"Dereva wa kukodi, anachomelea gari la watu?"

Nikamtazama mjomba Salehe aniokoe. Mjomba naye, maskini, kachanganyikiwa, akadhani tumeshagundulika, akasema, "Mzee mwenzangu, tusamehe, huyu ndiye muoaji mwenyewe."

Niliomba ardhi ipasuke. Kwenye dirisha la nyumba nikaona pazia linatikisika, nikasikia kicheko ninachokijua, kicheko cha Zaina, kimezibwa na kanga lakini hakizibiki. Nikavua kapelo. Mzee Mrisho akanitazama toka juu mpaka chini, akatazama zile eksi za double deka, uso hausemi kitu, na mimi nikajua nimemkosa mke.

Hapo shangazi Mwanaidi akateremsha kioo. Akatoa mkono mmoja nje wenye hina, akaweka sauti yake ya kazi.

"Wenye nyumba, hodi."

Watu wakatazamana. "Karibu," Mzee Mrisho akajibu.

"Nimeshakaribia, kilichobaki ni bati tu. Tumetoka Bagamoyo, tumeona ua kwenu, tunaliomba kwa heri na kwa adabu. Kijana wetu mnamwona. Wengine huletewa sifa za uongo, nyinyi mmeletewa aibu yake yote mkononi, hana alichobakisha cha kuficha."

Yule mama aliyeshika kitasa ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Mzee Mrisho, kicheko kilimwanza mabegani, kikapanda mpaka machoni, akashika paa la gari asianguke. "Kwa desturi yetu," akasema alipopata pumzi, "sisi ndio tunaowadai wageni ada ya kifungua mlango. Leo naona ni nyinyi mtakaotudai." Akawageukia vijana. "Haya, nyanyueni!"

Wanaume sita wakashika kona ya nyuma, moja, mbili, tatu, gari likapanda, na mlango ukaachia paa! wenyewe, shangazi akashuka na sinia lake la halua kama malkia, na vigelegele vilivyopigwa pale, wallahi, hata siku ya harusi havikufika.

Jibu walituletea baadaye kupitia mjomba. Walikubali, ila baba mtu aliweka sharti moja, kwamba binti yake asipakiwe kwenye gari lile mpaka vyuma vyote vitolewe na mtu mwingine, si mimi. Nilitii. Fundi wa magari aliyeyakata mabomba alikaa chini kwanza, acheke amalize, ndipo akaanza kazi. Zaina alikuja Bagamoyo kwa gari la kuazima, na njia nzima alikuwa ananiomba nimweleze tena tangu mwanzo.

Nami nimejifunza, ndugu zangu. Kuchomelea chuma ni jambo moja, na kujua kwa nini chuma kimewekwa pale kilipo ni jambo jingine, na katikati yake ndipo nilipomfungia shangazi yangu. Sasa gari likilia huko nyuma naongeza sauti ya redio mpaka nifike kwa fundi. Na fundi akianza kunieleza tatizo, mimi, wallahi, naweka mikono mfukoni.