Dakika Kumi Bila Mwimbaji
Studio yangu ya kwanza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, Bungoma. Kuta nilizifunika kwa magodoro, nikarekodi kwaya, wapiga litungu, kile kinubi cha kwetu, na yeyote aliyekuwa na wimbo. Sikusomea kazi hiyo. Nilikuwa fundi wa redio mwenye masikio mazuri, na nililijua hilo.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho, ilikuja kwaya ya akina mama kutoka Kachibora. Waliimba mara tatu, na kila mara mwalimu wao akatikisa kichwa. Alisema chumba changu kinameza sauti. Kanisani kwao wimbo huzunguka kwanza ndipo umfikie mtu. Nilijua amesema kweli. Wiki iliyofuata nikapakia mashine kwenye pikapu ya shemeji yangu, tukakutana Kitale, ndani ya ghala la mahindi lililokuwa tupu likingojea mavuno.

Humo waliimba mara moja tu, ikatosha. Walipotoka kunywa chai, sikuzima mashine. Upepo ulipita chini ya mabati na ghala zima likavuma taratibu. Nyumbani nikaongezea kinanda, sauti chache ndefu, zikawa dakika kumi bila neno hata moja. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza wimbo unaanza lini.

Mwalimu alipokuja kuchukua kaseti, nilimchezea zile dakika kumi.

"Iweke mwisho wa upande wa pili," akasema. "Watu wakimaliza kutusikiliza, wapate mahali pa kukaa."

Wauzaji wa sokoni walirudisha kaseti wakidai ni mbovu, ati mwishoni hakuna mtu anaimba. Niliwarudishia zilezile. Tangu hapo, kwaya iliyonitaka ilijua dakika zangu kumi zitakuwa mwisho wa kaseti yake. Baadhi walienda kwingine; wengi walibaki.

Miaka ya tisini, muuguzi wa wodi ya wazazi alisafiri kutoka Kitale kunitafuta. Akina mama pale walikuwa wakigombania redio, kila mmoja akitaka nyimbo za kanisa lake.

"Ile yako ya mwisho wa kaseti haina kanisa," aliniambia. "Nirekodie hiyo peke yake."

Nikajaza nayo pande zote mbili. Ndiyo ilikuwa kaseti yangu ya kwanza isiyo na mwimbaji, na jina langu nililiandika juu yake kwa herufi kubwa.