Njia Niliyoijengea Ukuta

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na hata sasa nikiiandika natamani niiruke. Nilikuwa kijana, nimejenga nyumba yangu ya kwanza chini ya mlima, juu kidogo ya mtaa wa Mafiga. Enzi hizo kule nyumba zilikuwa chache, mahindi mengi. Kiwanjani kwangu ilipita njia ya miguu, akina mama wa mlimani wakishusha mboga sokoni. Nikaiziba kwa nyumba na ukuta. Tuseme haki: kiwanja kilipimwa, na ramani haikuonyesha njia. Lakini nilijua ipo.

Bi Mwanaidi, muuza mboga, akasimama getini na tenga kichwani.

"Baba, njia umeipeleka wapi?"

"Zungukeni kule mtoni, mama. Hapa mjini siku hizi."

"Mjini! Na huo mchicha mnaokula mjini, unashuka kwangu kwa gari?"

Wenzake wakacheka. Nikafunga geti.

Masika ilipoanza, Bi Mwanaidi aliteleza kule mtoni akavunjika nyonga. Siku chache baadaye, nina wageni sebuleni, akaingia mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, miguu imejaa matope. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Mjomba akisema, mjadala umekwisha. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akapita katikati ya makochi, akatokea mlango wa jikoni, akarudi.

"Napita njia," alisema. "Hapa dada yangu alipita amekubeba mgongoni, unaumwa, anakukimbiza hospitali. Angekuta ukuta je?"

Wageni walitazama chini. Mimi sikujua pa kutazama.

Nilivunja ukuta, nikaacha uchochoro kando ya nyumba. Nikapanda mlimani kuomba radhi. Bi Mwanaidi alikuwa amelala mkekani. Akasema kwa upole, "Umefungua? Haya, wenye miguu watapita."

Sijui kama alinisamehe. Sikuthubutu kuuliza. Leo mji umepanda mlima, kuta kila mahali, na pengine njia ile ingekufa tu. Ila mimi ndiye niliyeanza.

Mwanangu, wewe sasa unajenga Kingolwira. Kabla ya kuchimba msingi, nenda kiwanjani alfajiri, ukae, uone nani anapita na amebeba nini. Mwachie nafasi, hata kama ramani haimjui. Na Mungu akujalie nyumba ambayo hakuna mtu atakayeizunguka akilia.