Pakiti Moja, Vichwa Viwili

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili nisije nikaonekana nasimulia habari za Benta kumbe najitetea. Ni mimi niliyeharibu vichwa vyetu.

Tulikuwa tumebakiwa na siku moja. Jumamosi jioni, kwenye geti la kiwanda cha mishumaa tunakofanya vibarua, lilibandikwa tangazo. Jumatatu alfajiri msimamizi mpya, Ndolo, angechagua wanawake thelathini wa kufunga mishumaa kwa miezi sita. Wengine wasirudi tena getini.

Kwa miaka kumi na moja mimi na Benta tulikuwa tukitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu kila asubuhi na kusimama kwenye geti lile bega kwa bega, leo tukiingia, kesho tukirudi. Huyu Ndolo alikuja na lake. Akifika mbele ya mwanamke anamwambia, "Toa kitambaa," anakitazama kichwa, halafu anamwingiza au anampita. Hakusema anakimbia mvi, na hakuhitaji kusema. Sisi wawili alikuwa ametupita wiki tatu mfululizo. Tuliingia siku mbili tu, kwa sababu siku hizo mvua ilinyesha na watu wakawa wachache.

Benta ni mjane wa Opiyo, aliyekuwa akipaka rangi nyumba za baraza la jiji kule mtaa wa Ziwani. Ana miaka hamsini na minne, mimi arobaini na tisa. Maneno yake ni machache, na akikutania huwezi kumkasirikia hata ukijaribu. Chumba chake na changu vinatenganishwa na bati moja. Nikikohoa usiku, asubuhi ananiuliza kama nimepona. Karibu kila kitu tunanunua kidogo kidogo na kugawana: mafuta ya kupikia, sukari, hata njiti za kiberiti.

Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa hatukuona ajabu kununua pakiti moja ya rangi nyeusi ya nywele, ile ya unga, kwa vichwa viwili. Maagizo yalisema kichwa kimoja. Mimi nikasema maagizo huandikwa na watu wenye pesa. Nikachemsha majani ya chai yakawa meusi, nikaacha yapoe, nikakorogea rangi humo badala ya maji ili iwe nyingi.

Halafu nikachukua mafuta ya kukamulia. Nimekulia Murang'a kwenye zizi, na mafuta hayo ya kulainisha chuchu za ng'ombe ndiyo tunayojipaka sisi hapa mjini, uso na miguu na kila kitu. Nikampaka Benta kuzunguka paji la uso ili rangi isimshike ngozi. Nikaona haitoshi, nikayaingiza mpaka ndani ya nywele zilainike. Na mimi nikajipaka vivyo hivyo.

"Mama Jacky, si hayo ni mengi?" Benta aliuliza.

"Wewe tulia. Nywele kavu hukatika."

Mjuaji mimi.

Tulipoosha, nilitazama kioo. Katikati ya kichwa rangi ilikuwa nyeusi ti. Pembeni, pale pale mvi zilipojaa, haikushika kitu, na nyuma kulikuwa na madoa ya kahawia. Benta alikuwa na mstari mweupe kutoka sikio hadi sikio, utadhani amevaa kikofia kilichombana. Heri tungebaki na mvi zetu. Mvi ni uzee tu, lakini hii ilikuwa ni kukamatwa ukiuficha.

Nilikasirika, na kwa kuwa Benta ndiye aliyekuwa karibu, nikamkasirikia yeye.

"Si ungeniambia!"

"Nilikuambia."

"Si ungenikataza!"

"Wewe unakatazwa na nani, Mama Jacky?"

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mtungi ulikuwa na maji nusu, na bomba la ploti tunamopanga halikuwa na dalili yoyote ya maji. Nilianza kulia. Benta aliketi kwenye kiti cha plastiki akipitisha vidole kwenye ule mstari wake, akanusa vidole, kisha akainuka.

"Mafuta na rangi havipatani," akasema. "Opiyo alikuwa akiitwa kupaka jikoni kwa watu, haanzi kupaka. Anaosha masizi na mafuta kwa sabuni kwanza, anangoja ukuta ukauke kabisa. Sisi tumepaka ukuta mchafu."

"Mchafu ni nani?"

"Kichwa chako."

Alitoka na pesa yake ya unga na kurudi na pakiti moja ya rangi. Sikumuuliza kama pakiti zilikuwa zimeisha dukani au pesa mfukoni. Tuliosha nywele kwa sabuni ya kipande, mara mbili, povu likituingia machoni, na maji ya kwanza yakatoka na mafuta yakielea. Tukakaa juani mpaka zikakauka. Safari hii Benta ndiye aliyekoroga, kwenye bakuli langu, kwa maji matupu, bila chai.

"Nusu yako, nusu yangu," nikasema.

"Nusu nusu," akaitikia.

Akavaa mfuko wa mkate mkononi, akachukua mswaki mzee, akaanza na mimi. Alipaka pale palipokataa tu. Palipokuwa tayari peusi hakugusa. Kichwa kikaanza kuwasha, kwani kilikuwa kimeona dawa mara mbili siku moja.

"Ikichoma sema tuoshe."

"Wacha iwashe. Jumatatu itaniwasha zaidi."

Nilikaza meno na kufumba macho, taulo usoni, nikisikia mswaki ukienda na kurudi, mbele, pembeni, nyuma ya masikio. Ulienda muda mrefu. Aliponiosha na kunipa kioo nilipiga kelele ya furaha. Nywele zilikuwa za rangi moja, kutoka paji hadi kisogo.

Benta alikuwa tayari mlangoni, ameshika bakuli langu la rangi, ameliziba kwa sahani.

"Yangu nitajipakia kwangu."

"Kaa hapa nikupake."

"Wewe? Na mafuta yako?"

Tulicheka, naye akaenda. Ningependa kusema kwamba nilimwamini. Ukweli ni kwamba sikufunua ile sahani. Jioni nzima nilitega sikio kwenye bati nikingojea maji yamwagike upande wake, na hayakumwagika. Nikajiambia amejiosha kimya kimya. Nikalala.

Jumatatu tulikuta wanawake zaidi ya mia. Njia nzima Benta alikuwa amefunga kitambaa chake hadi kwenye nyusi, na mimi nilimsimulia habari za mahubiri ili tusizungumze jambo lingine. Ndolo alitoka na daftari, kijana wa miaka thelathini hivi, viatu vinang'aa. Alikuja akihesabu kwa sauti. Alipofika kwangu alikuwa kwenye ishirini na saba.

"Toa kitambaa."

Nilitoa. Akanizunguka hadi nyuma.

"Ishirini na nane. Jina?"

"Warigia."

Akaandika, akasogea kwa Benta. Benta alifungua fundo taratibu. Ule mstari mweupe ulikuwa pale pale, sikio hadi sikio, kama tulivyouacha.

"Sasa mathe, hii ni stailo gani?" Ndolo akauliza.

"Ni kichwa," Benta akasema.

Wanawake wakacheka. Ndolo hakucheka, alimpita. Nilimshika Benta mkono kwa nguvu mpaka akashtuka.

"Ulisema nusu nusu!"

"Pakiti ni ya kichwa kimoja, Mama Jacky. Imeandikwa."

"Na hizi zilizoharibika si ni kazi yangu mimi?"

"Ni yako. Lakini mimi hata nikipakwa lami, magoti yatanisema. Wewe bado unaweza kusimama siku nzima." Akautoa mkono wangu polepole. "Ingia. Ukitoka kwenye huo mstari, pakiti yangu utakuwa umeimwaga."

Akafunga kitambaa na kushika njia ya kurudi. Nami niliingia. Nilifunga mishumaa sita sita mpaka saa kumi na moja, na mara mbili mwenzangu aliniuliza kama ni moshi wa nta unaonitoa machozi.

Nilipofika nyumbani bakuli langu lilikuwa mlangoni, juu yake sahani. Safari hii niliifunua. Ndani kulikuwa na dagaa wa omena, kwa sababu Benta hajawahi kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu. Nilisimama pale nikalia kwa aibu, nikamsikia upande wa pili wa bati akikohoa.