Shangazi Aliyegeuza Uso

Ipo Jumapili moja ya Kawempe ambayo nikiikumbuka naona haya mpaka leo, mwanangu. Nilimpeleka mchumba wangu, Idi, kwa shangazi. Hapa Kampala hata sisi Waislamu wenye asili ya pwani tumeshika desturi ya wenyeji: shangazi asiporidhika, hakuna ndoa. Idi akamsalimia kwa adabu zake zote. Shangazi akageuza uso, akawa anatazama mlango wa jikoni mpaka chai ikapoa.

Nilichemka! Idi alipoondoka nilimwambia shangazi maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kisha nikanuna miezi mitatu, sikukanyaga kwake. Hasira hasara, na mimi nilikuwa nazo za kugawia jirani.

Mwishowe Idi mwenyewe akanirudisha. Nilimkuta shangazi anachambua mchele, mawe anayaacha, punje anazitupa. Nikamuuliza kwa nini alimdharau mgeni wangu.

"Nyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "nani alidharau? Mimi nikiangalia mtu usoni, uso hakuna. Katikati ni kiwingu tu. Naangalia pembeni, ndiyo naona yeye. Ile siku niligeuka nimwone vizuri. Kijana mzuri, masikio tu ni makubwa."

Nililia, kisha nikacheka kwa ajili ya yale masikio. Kumbe alikuwa ameficha hali hiyo kwa miaka, akidhani ni uzee. Wakati ule hata madaktari hawakuwa na dawa ya kumpa.

Mwaka jana nilipofumba jicho la kushoto, nondo za dirisha zilionekana zimepinda. Wiki hiyohiyo nikaenda hospitali. Daktari akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, na katikati yake, pale pa kusomea na kutambulia nyuso, huchakaa kwa watu wazima. Kwa wengi huchakaa polepole. Kwa wengine, kama mimi, mishipa huvuja, na hao wakiwahi husaidiwa kwa sindano. Ndiyo, ya jichoni. Ganzi huwekwa, usikimbie. Bado nasoma Yasini yangu, alhamdulillahi.

Basi mwanangu, umri ukisogea, fumba jicho mojamoja utazame mistari ya dirisha. Ikipinda, au ukiona doa katikati, usisingizie uzee, nenda upesi. Na mzee akikutazama bega badala ya macho, usinune. Sogea, taja jina lako, muulize anaona nini. Mola akuhifadhie nuru ya macho yako, na wazee wako wakuone kila ukija.